Programu ya kufupisha uchapaji: kwa nini ofisi za Arusha huijaribu kisha huiacha?

#1 Mkazi wa Sakina

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijawekeza fedha.

Kuna vijana watatu wa hapa Arusha, ofisi yao iko Njiro, ambao wametengeneza programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kuandika herufi chache zikageuka papo hapo kuwa sentensi, aya au barua nzima. Ukiandika kwa mfano “;viza”, programu inazifuta herufi hizo na kuweka mahali pake maelezo kamili kwa mgeni: kwamba viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, kwamba raia wa Marekani hulipa dola 100, na kwamba maombi yanaweza kufanywa mtandaoni kabla ya safari. Wanakusudia kutoza shilingi 12,000 kwa mwezi kwa kila kompyuta.

Kinachonitatiza ni hiki. Waliitoa bure kwa majaribio katika ofisi kadhaa za utalii, kwa wakili mmoja na katika steshenari iliyo jirani na mahakama. Wote waliisifu. Haukupita muda mrefu, wengi wao wakawa wamerudia desturi ya kufungua barua ya mteja aliyepita, kuinakili, kuibandika na kubadilisha jina. Kwa nini mtu aache kitu kinachompunguzia kazi bila kumgharimu chochote? Na kama wanakiacha kikiwa bure, ni nani atakilipia? Jina la kampuni silitaji kwa kuwa sijawaomba ruhusa.

#2 Ngaramtoni Juu

Mkuu, hifadhi fedha yako. Unachotaka kuwekezea kinagawiwa bure. Kuna AutoHotkey, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003 na watu huipakua bila malipo. Kuna Espanso, iliyotengenezwa na kampuni moja ya Ujerumani, nayo ni ya bure. Na hata Microsoft Word unayoitumia kila siku ina sehemu ya kusahihisha maneno, ambako unaweza kuiagiza kwamba kila ukiandika “kkk” iweke jina kamili la kampuni yako. Kwenye simu, WhatsApp Business inakuruhusu kuhifadhi majibu ya haraka hadi 50. Unaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja, jibu linatokea. Vijana wako wanauza maji kando ya mto Themi.

#3 Mhazili Mstaafu

Salaam kwenu nyote. Ngaramtoni Juu amesema kweli kuhusu Word, ila hakumaliza. Ile sehemu ya kusahihisha maneno haipokei maandishi ya kawaida yanayozidi herufi 255, kwa hiyo aya ndefu haiwezi kukaa humo isipokuwa ukiihifadhi pamoja na mpangilio wake. Kwa aya ndefu kuna hifadhi nyingine humo humo ndani ya Word: unaipa aya jina, unaandika jina hilo, unabonyeza F3, aya inajitokeza. Jambo hili lina miaka mingi, na ninaweza kusema bila kusita kwamba wengi wanaoitumia Word kila siku hapa mjini hawajawahi kuibonyeza F3 hata kwa bahati mbaya.

Maoni yangu ni kwamba tatizo liko kwenye mafunzo. Sisi tuliopitia Chuo cha Uhazili Tabora tulijifunza hatimkato, yaani kuandika haraka kwa alama, ile ambayo asili yake ni mfumo alioutoa Isaac Pitman huko Uingereza mwaka 1837. Hatimkato haikumsaidia mtu aliyeijua nusu. Ilibidi mkono uandike kabla akili haijauliza. Vifupisho vya kompyuta viko hivyo hivyo: kama kila mara ni lazima usimame ujiulize “hivi ile aya ya malipo niliiitaje?”, basi kufungua barua ya zamani ni haraka zaidi, na mfanyakazi ataifungua. Siku hizi ofisi inaajiri kijana kwa sababu anajua kutumia kompyuta, na hakuna anayemuuliza kama anajua kuchapa.

#4 Mpanga Safari

Shikamoo Mama Mhazili. Naheshimu ulichosema, lakini mimi ninayeandika kwotesheni za safari kutwa naona sababu nyingine.

Mgeni anapoomba bei ya siku sita, Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, ninachohitaji ni kifurushi kizima: ratiba ya kila siku, majina ya kambi, kinachojumuishwa kwenye bei, kisichojumuishwa, masharti ya malipo, na maelezo ya mizigo. Barua ya mteja wa wiki iliyopita aliyeomba safari inayofanana inacho kifurushi hicho, kikiwa tayari kimepangwa na kichwa changu. Kifupisho kinanipa tofali moja moja. Barua ya zamani inanipa nyumba yenye rangi. Ndiyo maana watu wanarudi kwenye kunakili na kubandika. Si wajinga.

Hata hivyo, gharama ya desturi hiyo naijua. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, mgeni wa Uholanzi alitumiwa kwotesheni iliyomwita kwa jina la Mjerumani fulani, na chini yake ikabaki bei aliyopewa yule Mjerumani, ambayo ilikuwa ndogo kuliko yake. Mgeni hakukasirika kuhusu jina. Alidai ile bei. Vilevile mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, ilitupasa kuwaonya wageni wasije nayo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), lakini barua zilizozaliwa na barua za zamani ziliendelea kutoka bila onyo hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na sehemu moja ya kulirekebisha. Barua zilirithiana kosa.

#5 Wakili Uchwara

Mpanga Safari ameeleza ugonjwa ambao kwetu unaweza kuua kesi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, viapo tunavyoandika vimejaa maneno yasiyobadilika: “Mimi, fulani, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Arusha, naapa na kueleza kama ifuatavyo”, kisha “Kwamba, mimi ni mleta maombi katika shauri hili na kwa hiyo ninafahamu vyema mambo ninayoyaeleza hapa”. Maneno hayo yanafaa sana kwa programu ya aina hii.

Hatari iko mwishoni, kwenye uthibitisho. Hapo mtoa kiapo anathibitisha kwamba yaliyoelezwa katika aya ya 1 hadi ya 9 ni kweli kwa ufahamu wake mwenyewe. Kiapo cha zamani kilikuwa na aya 9. Hiki kipya kina aya 11. Karani amenakili, amebadilisha majina, amesahau nambari. Wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi kwamba aya ya 10 na ya 11 hazikuthibitishwa, na asubuhi nzima inaishia hapo kabla hoja ya msingi haijaguswa. Tarehe na mahali kiapo kilipotolewa, ambavyo sheria inamtaka kamishna wa viapo avitaje, navyo hurithiwa kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali langu kwa Mkazi wa Sakina ni hili: je, programu ya hao vijana inasimama na kuuliza nambari ya aya ya mwisho kabla ya kuandika uthibitisho, au inamwaga maneno tu? Ikiwa inamwaga tu, haijanitatulia lolote ambalo F3 ya Mama Mhazili haikulitatua.

#6 Mkazi wa Sakina

Asanteni. Wakili, nimewauliza; wanasema inauliza. Kabla ya kuandika, kinatokea kisanduku chenye nafasi za kujaza, nazo ni jina, tarehe, nambari na kadhalika, na tarehe ya leo inajiweka yenyewe. Hata hivyo wakili aliyeijaribu aliacha kuitumia.

#7 Wakili Uchwara

Labda huyo ana karani makini. Mimi sina bahati hiyo.

#8 Binti Kiboriloni

Habari za huko Arusha. Huku Moshi niko kwenye sekta ya afya, na nataka kuongeza tahadhari ambayo haijaguswa.

Mahali nilipowahi kufanya kazi, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulituwezesha kuweka maelezo yaliyoandaliwa. Ukiandika herufi tatu, inajitokeza aya nzima ya uchunguzi wa kawaida: mgonjwa hana homa, hana upungufu wa damu, hana manjano, mapafu hayana sauti zisizo za kawaida, tumbo ni laini na halina maumivu. Kwa mtu mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango, aya hiyo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba inaandika pia yale ambayo hukuyapima. Nimewahi kusoma faili linalosema miguu yote miwili haina uvimbe, la mgonjwa aliyekatwa mguu.

Kwa hiyo nadhani baadhi ya walioacha programu hiyo hawakuacha kwa uvivu. Mtu anapochapa neno kwa neno analifikiria. Anapobonyeza herufi tatu, anasaini. Wakili anatafuta kasi bila kosa. Mimi naona kasi inaondoa kosa la tahajia na kuleta kosa la aina nyingine, lililo gumu zaidi kuonekana kwa sababu limeandikwa kwa ufasaha.

#9 Fundi wa Kodi

Nimesoma yote. Kwanza sahihisho: Ngaramtoni Juu, Espanso haikutengenezwa na kampuni ya Ujerumani. Ilianzishwa na Mwitaliano aitwaye Federico Terzi, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust, ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ya Ujerumani ni PhraseExpress, ya kampuni ya Bartels Media, na hiyo matumizi ya kiofisi yanalipiwa.

Sasa nieleze kitu ambacho sioni kama kimezingatiwa. Programu hizi zote hufanya kazi kwa namna moja. Zinasikiliza kila kitufe unachobonyeza, zinakumbuka herufi chache za mwisho, na zikiona mfuatano unaofanana na kifupisho, zinabonyeza kitufe cha kufuta kwa niaba yako mara nyingi kadiri ya herufi ulizoandika, kisha zinaweka maandishi marefu, ama kwa kuyaandika herufi kwa herufi, ama kwa kuyabandika yote kwa mpigo. Kwenye kompyuta dhaifu ubandikaji huo huchelewa, na wakati mwingine kinachobandikwa ni kile ulichokuwa umenakili kabla, si kile ulichoomba. Mtu akiona hivyo mara mbili mbele ya mteja, hataigusa tena. Sishangai kama steshenari iliacha.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua kitaaluma, programu hizi zilizaliwa kwenye Kiingereza. Huko ukiwa na kiolezo kinachosema kwamba kitu fulani kimethibitishwa, unabadilisha jina la kitu tu na sentensi inabaki salama. Jaribu kwa Kiswahili. Safari yako imethibitishwa. Chumba chako kimethibitishwa. Gari lako limethibitishwa. Mahema yenu yamethibitishwa. Wapagazi wako wamethibitishwa. Nafasi moja ya kujaza inalazimisha kubadilika kwa maneno mawili yanayofuata, na kisanduku cha hao vijana, kama kinajaza jina pekee, kitamwandikia mteja “gari chako kimethibitishwa”. Mteja Mtanzania atacheka, na mwenye ofisi ataaibika. Ukitaka kuliepuka inakubidi utengeneze kiolezo kimoja kwa kila ngeli, na hapo vifupisho vinakuwa vingi kiasi kwamba hoja ya Mama Mhazili ya kusahau majina yake inarudi kwa nguvu.

Kuna upande wa neema pia. Kiswahili hakina neno lisilo na irabu. Kwenye Kiingereza watumiaji hulazimika kuanza vifupisho vyao kwa nukta mkato au alama nyingine ili visifumuke katikati ya neno la kawaida. Sisi tungeweza kutumia konsonanti tupu, kama “vz” kwa viza, “mlp” kwa malipo, “thbt” kwa uthibitisho, na kamwe visigongane na neno halisi, ilimradi tuepuke vipimo kama “km” na “kg” na vyeo kama “Ndg”. Hilo ni jambo ambalo kampuni ya hapa ingeweza kulifanya vizuri kuliko ya California, lakini nimeona kwenye mfano wa Mkazi wa Sakina kwamba nao wameiga nukta mkato.

#10 Ngaramtoni Juu

Nimekubali kuhusu Mwitaliano. Ila Fundi, vijana wetu wanaandika ujumbe wa simu bila irabu tangu zamani. Programu yako ikiwekwa kwenye simu ya mdogo wangu, kila akimwandikia rafiki yake salamu itatoka hati ya kiapo.

#11 Mwenye Steshenari

Wakuu, mimi si yule aliyepewa majaribio, lakini ninafanya kazi hiyo hiyo, na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja fedha kwa upande wetu.

Mteja wa steshenari hukaa pembeni yangu akitazama skrini. Analipa kwa ukurasa. Nikimchapia mkataba wa mauzo ya kiwanja kwa dakika ishirini, anaona jasho langu na analipa bila maneno. Siku nikimfungulia mkataba uliokwisha andaliwa, nikajaza majina, ukubwa wa kiwanja na mipaka yake, nikachapisha, anauliza: “Hiki kilikuwepo tayari, mbona unanitoza bei ya kuchapa?” Nimebishana na wateja wa namna hiyo mara nyingi. Kwa hiyo kasi yenu inaninyima hoja ya bei. Ninavyo violezo, sikatai, lakini huvifungua nikiwa nimeigeuza skrini kidogo.

Jambo la pili, kompyuta yangu inatumiwa na watu watatu kwa zamu. Kila mmoja ana namna yake ya kuita vitu. Shilingi 12,000 kwa kompyuta moja ni sawa, lakini vifupisho ni vya nani? Na Fundi amesema kweli kuhusu mashine dhaifu: zangu ni zile zilizotoka maofisini zikiwa zimechoka.

#12 Mpanga Safari

Mwenye Steshenari umenichekesha kwa hilo la kugeuza skrini, lakini ni kweli tupu, na kwetu lipo kwa sura nyingine. Mgeni anayepata kwotesheni ya kurasa tano dakika nne baada ya kuuliza hudhani amejibiwa na mashine. Wapo wenzangu wanaoiandaa haraka kisha wanaiacha ikae kwanza kabla ya kuituma.

#13 Jirani wa Kijenge

Samahani kwa kuingia kwa hoja nzito. Fundi amesema kwamba programu “zinasikiliza kila kitufe”. Tusipite hapo haraka. Programu inayosikiliza kila kitufe inasikia pia nywila ya benki, jina la mgonjwa wa Binti Kiboriloni, na siri za mteja wa Wakili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na anayekusanya taarifa hizo ana wajibu chini yake. Mimi ningekuwa mwenye ofisi, nisingeweka kitu cha vijana watatu wa Njiro, hata wawe waaminifu vipi, kabla sijajua herufi hizo zinakwenda wapi. Nadhani hii ndiyo sababu halisi ya watu kuiacha, ila hawasemi kwa sababu ya haya.

#14 Wakili Uchwara

Sahihisho dogo kwa Jirani: sheria hiyo ilitungwa mwaka 2022, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hoja yako inabaki palepale.

#15 Fundi wa Kodi

Hoja ni halali, ila ipimwe. Programu iliyotengenezwa vizuri haihifadhi unachoandika. Inakumbuka herufi chache kwenye kumbukumbu ya muda na kuzisahau. Kompyuta za Mac zina ulinzi unaozizuia programu kama hizi kusikia herufi unapoandika nywila katika kisanduku kinachotumia ulinzi huo. Na programu za chanzo huria unaweza kuzisoma mwenyewe. Swali la kuwauliza vijana ni kama violezo vinakaa ndani ya kompyuta ya mteja au vinapelekwa kwenye seva yao. Kwenye hali ya pili, wana taarifa za wateja wa mteja wao, hata kama hawasikilizi chochote.

Niongeze kwamba programu za kuzuia virusi huzishuku faili zilizotengenezwa kwa AutoHotkey, zikazifuta kimyakimya. Kama ya hao vijana imetengenezwa hivyo, inawezekana baadhi ya ofisi hazikuiacha programu. Ilifutwa, na hakuna aliyegundua.

#16 Binti Kiboriloni

Kwamba ilifutwa na hakuna aliyegundua ni jibu baya kwa mwekezaji kuliko kuachwa kwa makusudi.

#17 Kijana wa Soweto, Moshi

Nawasoma wakubwa zangu kwa heshima, lakini mnajadili kitu kilichopitwa na wakati. Akili unde inaandika barua nzima kwa kuambiwa tu “mjibu huyu mgeni”. Kwa nini mtu akariri vifupisho?

#18 Mpanga Safari

Mdogo wangu, tumeijaribu. Inaandika vizuri kuliko mimi. Lakini niliiomba maelezo ya viza, ikayaandika kwa namna tofauti kila mara, na safari moja ikamwambia mgeni wa Marekani kwamba ni dola 50. Kwenye mambo ya ada, tarehe za malipo na masharti ya kughairi safari, nataka maneno yaleyale yaliyokubaliwa na mwanasheria, herufi kwa herufi. Uzuri wa kifupisho ni kwamba hakina mawazo.

#19 Mhazili Mstaafu

Hapo Mpanga Safari umesema kama mhazili.

Nikumbushe kitu cha hapa hapa Arusha. Wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipokuwa ikikaa jengo la mikutano la AICC, kabla haijafungwa mwishoni mwa mwaka 2015, kumbukumbu za vikao zilitolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, na kazi hiyo inahitaji wanukuzi waliobobea. Wanukuzi wa mahakama duniani hutumia mashine ya stenografia, yenye vitufe vichache kuliko kibodi ya kawaida, ambavyo hubonyezwa kadhaa kwa pamoja. Kila mbonyezo unatafutwa kwenye kamusi ya mnukuzi mwenyewe na kugeuzwa kuwa neno au kifungu kizima. Kila mnukuzi hujenga kamusi yake kwa miaka na huilinda kama mali yake. Kwa hiyo swali la Mwenye Steshenari, “vifupisho ni vya nani?”, mimi nalijibu kwamba ni vya mchapaji, si vya kompyuta wala vya ofisi. Hao vijana wangetoza kwa mtu, na mtu akihama kazi ahame navyo.

#20 Bosi Asiyechapa

Mama, shikamoo. Kwa hilo nakupinga kwa adabu. Nina kampuni ya kupandisha watu Kilimanjaro, njia za Machame, Lemosho na Marangu, na mimi ndiye ninayelipa.

Mfanyakazi akiokoa saa moja kwa siku, mimi saa hiyo siioni. Siwezi kuipeleka benki. Atakunywa chai, nami sitamlaumu. Hesabu ya muda uliookolewa inayoletwa na wauzaji wa programu hizi hainigusi. Ila nikijua kwamba wafanyakazi wangu wote watano wanamwambia mgeni kitu kimoja kuhusu wapagazi, bahashishi, bima na masharti ya kughairi, na kwamba nikibadilisha sentensi moja mahali pamoja inabadilika kwa wote asubuhi hiyo hiyo, hilo nitalilipia, hata zaidi ya shilingi 12,000. Kwa hiyo vifupisho ni vya ofisi. Mfanyakazi akihama navyo, amehama na bei zangu.

Kwa Mkazi wa Sakina, angalia pia historia. TextExpander, programu ya aina hii hii iliyo maarufu kwa watumiaji wa Mac, iliuzwa kwa kulipa mara moja hadi mwaka 2016, ilipohamia malipo ya kila mwezi. Watumiaji wa kawaida walilalamika sana, hadi kampuni ikalazimika kupunguza bei kwa mtumiaji binafsi. Sababu waliyoitoa wenyewe ilihusu vifupisho vinavyotumiwa kwa pamoja na vikundi. Kwa hiyo hata huko, mchapaji mmoja hakuwa tayari kulipa kila mwezi.

#21 Mhazili Mstaafu

Marahaba. Bei zako ubaki nazo, ila namna ya kumwandikia mgeni barua yenye heshima umeipata kwa karani, naye hukumlipa kwa hilo.

#22 Ngaramtoni Juu

Mama amemaliza. Bosi asiyechapa atafute mahali pa kubonyeza F3.

#23 Mkazi wa Sakina

Nashukuru nyote. Nimekaa na vijana leo mchana nikawasomea uzi huu. Wameniambia kwamba suala la ngeli wanalijua, na kwa sababu hiyo wameamua kuuza kwanza kwenye ofisi zinazoandika Kiingereza, yaani utalii. Violezo vinakaa kwenye seva yao. Hawakuwa wamejua tarehe ya sheria. Suala la programu za kuzuia virusi wamesema watalichunguza, na nimeona mmoja wao akitoka nje mara moja kupiga simu kwenye ofisi zilizofanya majaribio.

#24 Fundi wa Kodi

Kama wanakimbilia Kiingereza, basi wanashindana ana kwa ana na Text Blaze, programu nyingine ya vifupisho ambayo inakaa ndani ya kivinjari na ina kiwango cha bure, pamoja na TextExpander yenyewe. Ngeli ndiyo iliyokuwa faida yao pekee. Mimi ningewekeza kwa mtu anayetengeneza kisanduku kinachojua kwamba gari ni “lako” na chumba ni “chako”, hata kama soko lake ni viapo vya Wakili peke yake.

#25 Bosi Asiyechapa

Mimi ningefanya kinyume. Dola inaingia kwa Kiingereza, na viapo vya Wakili vinalipiwa kwa mkopo.

#26 Wakili Uchwara

Hilo la mkopo nitalijibu kwa barua rasmi. Mkazi wa Sakina, kabla ya kusaini chochote, waulize kampuni ikifungwa mteja anaondokaje na violezo vyake. Espanso, nimeona, inavihifadhi kwenye faili la maandishi ya kawaida ambalo hata mimi nimeweza kulifungua na kulisoma. Kama vya hao vijana vinasomeka ndani ya programu yao tu, mteja mwenye akili hataweka humo masharti yake ya mkataba, nawe utakuwa umenunua hisa za droo iliyofungwa.

#27 Mwenye Steshenari

Na muwaulize kama inafanya kazi kwenye Windows 7.